Jibu: Kwa nini timilifu ya Kilatini ina sura nyingi, na je, ni -li- au -me-?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanakwaya, na tangu mwaka jana najifunza Kilatini peke yangu kwa kitabu cha sarufi ili nielewe ninachoimba. Wakati uliopo haunisumbui. Nimekwama kwenye perfectum. Nilikariri amavi, amavisti, amavit hadi mwisho nikadhani nimemaliza, kumbe bado: nakutana na dixi, cecidi, egi, tuli, na kanuni siioni. Pili, kitabu kinatafsiri amavi kuwa "nilipenda" ukurasa huu, na "nimependa" ukurasa unaofuata. Nishike ipi? Tatu, factus est. Kama est ni "ni" au "yuko", mbona wanasema ni wakati uliopita?

JIBU: Marahaba. Maswali yako mawili ya kwanza yana jibu moja, na hilo la tatu utaona linajijibu lenyewe ukishalielewa hilo.

Lugha ya kale iliyozaa Kilatini, Kigiriki na ndugu zao, ambayo wataalamu huiita Kihindi-Kiulaya, ilikuwa na namna mbili tofauti za kitenzi pale ambapo Kilatini kina moja. Namna ya kwanza ilitaja hali iliyopo sasa kwa sababu ya jambo lililokwisha kutendeka. Namna ya pili ilitaja tukio lenyewe, kwamba lilitokea, basi. Kigiriki kilizihifadhi zote mbili: gegrapha ni "nimeandika", na kazi iko mezani, egrapsa ni "niliandika". Kilatini kiliziunganisha zikawa njeo moja (yaani wakati mmoja wa kitenzi), nayo ndiyo perfectum, ambayo kwa Kiswahili tunaiita timilifu. Lakini kilipoziunganisha hakikutupa maumbo ya upande wowote. Kila kitenzi kilibaki na umbo lake, hili kutoka huku, lile kutoka kule, na mengine Kilatini chenyewe kikayabuni baadaye. Ukiona cecidi (nilianguka), ile silabi ce- iliyorudiwa mbele ni alama ya kale ya hali. Ukiona dixi, ile s iliyojificha ndani ya x ni alama ya kale ya tukio, na Kigiriki kinayo katika kitenzi ndugu yake, edeiksa, "nilionyesha".

Ndiyo maana sura ni nyingi, na ndiyo maana tafsiri ni mbili. Ila usije ukadhani kwamba vitenzi vya s vitatafsiriwa kwa -li- na vile vya kurudia silabi kwa -me-. Hapana. Enzi za Cicero, yule msemaji maarufu wa Kirumi, tofauti hiyo ilikuwa imefutika kabisa kwenye maumbo. Mwanasheria wa Kirumi akimaliza hotuba yake alisema dixi, yaani "nimesema, nimemaliza", na umbo ni lile lile la tukio.

Nianze na tafsiri, kisha nirudi kwenye maumbo.

Chukua maneno ya malaika kaburini katika Mathayo 28:6, kwa Kilatini cha Vulgata, tafsiri ya kale ya Biblia: Surrexit enim, sicut dixit. Vitenzi viwili, vyote timilifu, vyote nafsi ya tatu umoja, vyote vinaishia -xit. Sasa fungua Biblia ya Union Version: "amefufuka kama alivyosema". Hicho cha kwanza kimepewa -me-, cha pili -li-. Wafasiri wetu hawakuwa wakifasiri kutoka Kilatini, lakini sikio lao lilidai tofauti ambayo Kilatini hakiandiki. Kufufuka kunahusu sasa, ndiyo maana kaburi ni tupu. Kusema kulifanyika siku zile na kukapita. Pilato naye katika Yohana 19:22 anasema Quod scripsi, scripsi. Neno ni lile lile mara mbili, herufi kwa herufi. Kiswahili: "Niliyoandika nimeyaandika." Ungebadilisha ukasema "niliyoandika niliyaandika", ubishi wote wa Pilato ungepotea.

Kwa hiyo jibu la "nishike ipi" ni: shika zote mbili, na ujiulize kama athari ya tendo bado ipo pale msemaji aliposimama. Na kuna ya tatu ambayo vitabu vingi havikuambii, kwa sababu waliovitunga hawana kitu kama hicho katika lugha zao. Simulizi ya Kilatini ikipanga matukio mfululizo, kila tukio linakaa katika timilifu, na kwa Kiswahili timilifu hizo ni -ka-. Mwanzo 1:3: Dixitque Deus: Fiat lux. Et facta est lux. "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Dixit ni "akasema" na facta est ni "ikawa". Mtu anayefasiri "Mungu alisema, Iwe nuru, na nuru ilifanyika" hajakosea sarufi ya Kilatini, amekosea Kiswahili.

Mstari mmoja kabla ya hapo unaonyesha njeo nyingine, ile inayoitwa imperfectum: Terra autem erat inanis et vacua, "nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu". Erat inachora mandhari, tendo au hali iliyokuwa ikiendelea bila kuonyeshwa ilipoanza wala ilipoishia. Ukikutana na -bat, -bant, erat, erant, fikiria "alikuwa aki-", "ilikuwa", au "alikuwa na desturi ya". Timilifu inasogeza hadithi mbele, imperfectum inaisimamisha ili tuangalie pembeni. Hapo hapahitaji maneno mengi. Utalizoea kwa kusoma.

Huenda ukajiuliza kama Warumi wenyewe waliisikia tofauti ya -li- na -me-, au ni sisi tunaoitia humo. Waliisikia, na ushahidi uko kwenye kitenzi kinachofuata. Linganisha:

Veni ut te videam.
Veni ut te viderem.

Veni zote mbili ziko sawasawa. Ya kwanza imefuatwa na videam, ambayo ni dhamira (sura ya kitenzi inayotaja nia, kama "nikuone") ya wakati uliopo: "nimekuja nikuone", bado nipo, bado sijakuona. Ya pili imefuatwa na viderem, dhamira ya imperfectum: "nilikuja ili nikuone", na safari hiyo imeshakuwa historia. Kitenzi kikuu hakikubadilika hata herufi moja, lakini kishazi tegemezi kikatoboa siri. Ukifika sura ya mfuatano wa njeo katika kitabu chako, ambayo wanafunzi wengi huiogopa, kumbuka mistari hii miwili. Nusu ya sura imo humo.

Haya, maumbo.

Kabla ya lolote, viambishi vya nafsi: -i, -isti, -it, -imus, -istis, -erunt. Ni hivyo sita kwa kila kitenzi cha Kilatini chenye timilifu ya neno moja, kila kundi, bila kitenzi hata kimoja kinachokwepa. Hata sum, mtukutu kuliko vyote, ni fui, fuisti, fuit, fuimus, fuistis, fuerunt. Kwa hiyo kukariri amavi hadi amaverunt hakukuwa kazi bure. Ulichokariri hasa ni miisho. Kinachobadilika ni shina lililo mbele yake. Na shina hilo, nakuambia waziwazi, hulitoi kwenye wakati uliopo kwa kanuni. Unalisoma kwenye kamusi. Ndiyo sababu kamusi inakupa sehemu nne: amo, amare, amavi, amatum. Ya tatu ndiyo shina la timilifu. Anayejifunza dico bila dixi amejifunza nusu ya neno, na kwa maoni yangu orodha za msamiati zinazompa mwanafunzi dico peke yake, "kusema", zinampotezea muda.

Kanuni ya kwenda mbele haipo, lakini ya kurudi nyuma karibu ipo, nayo ndiyo unayoihitaji, kwa sababu wewe unasoma, hutungi. Umekutana na neno geni lenye mwisho wa timilifu; utalitafuta wapi kwenye kamusi?

Hebu tuuchukue mstari mmoja wa Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ule wa karamu ya mwisho: accepit panem... benedixit, fregit, deditque discipulis suis. Akatwaa mkate, akaubariki, akaumega, akawapa wafuasi wake. Vitenzi vinne, na karibu kila namna ya kujenga timilifu imo.

Anza na benedixit. Ondoa -it, inabaki benedix-. Herufi x ni sauti mbili, k na s. Ile s ni alama ya timilifu, na kilicho mbele yake ni c, g, h au qu iliyogeuka k. Hivyo kitenzi kinaishia -dic-, au -dig-, au kitu cha namna hiyo, na kamusi inakupa benedico. Vivyo hivyo rexi ni rego, duxi ni duco, traxi ni traho, coxi ni coquo. Ukiona ps, mbele ya s kulikuwa na p au b: scripsi ni scribo. Ukiona s peke yake baada ya irabu ndefu, au ss, mara nyingi kuna d au t iliyomezwa: misi ni mitto, lusi ni ludo, clausi ni claudo, cessi ni cedo. Vichache vinadanganya, kama vixi, "niliishi", kutoka vivo, au gessi kutoka gero. Hivyo kariri.

Dedit ni kurudia silabi, ambako vitabu huita urudufu. Mzizi ni d-, wa do, "natoa". Silabi inayorudiwa ni konsonanti ya kwanza na irabu, kwa kawaida e, ila mzizi wenye o au u au i huivuta irabu ifanane nao: mordeo momordi, curro cucurri, disco didici. Kumbuka pia kwamba irabu a iliyokuwa ya mzizi, ikishasogezwa ndani, hupungua ikawa i: cano cecini, cado cecidi, tango tetigi. Kwa hiyo ukikutana na tetigit, kata ile te-, geuza i iwe a, unapata tag-, na tango iko karibu. Ile n ya tango tutaizungumza sasa hivi. Jambo jingine: kitenzi kikivaa kiambishi mbele, urudufu kwa kawaida huanguka. Pello ni pepuli, lakini expello ni expuli. Tango ni tetigi, lakini attingo ni attigi. Do na sto ni miongoni mwa zisizotii: trado ni tradidi, resto ni restiti, na hata credo, "nasadiki", jina la ile Kanuni ya Imani unayoimba, ni credidi, kwa kuwa ndani yake wanasarufi wanaona -do ile ile ya kale.

Fregit ni frango, "navunja, namega". Hapa yamefanyika mawili. Ile n imeondoka, na irabu imerefuka na kubadilika. N hiyo haikuwa ya mzizi. Ni alama ya wakati uliopo, imepachikwa katikati ya mzizi. Ukiijua hiyo n utavifahamu vitenzi vingi kwa mpigo: vinco vici, rumpo rupi, fundo fudi, relinquo reliqui, frango fregi, na tango tetigi ya hapo juu. Kurefuka kwa irabu nako ni alama yenyewe: lego lēgi, venio vēni, video vīdi, sedeo sēdi, fugio fūgi. Irabu ikiwa a, aghalabu hugeuka ē: facio fēci, capio cēpi, ago ēgi, na hiyo ndiyo egi iliyokushangaza. Accepit basi ni capio iliyovaa ad-: accipio, accepi.

Mstari huo haukuwa na amavi, ambayo ndiyo namna ya kawaida kabisa: v baada ya irabu (amavi, delevi, audivi) au u baada ya konsonanti (monui, habui, docui). Warumi waliandika V kwa sauti hizi zote mbili, kwa hiyo kwao MONVI na AMAVI zilifanana kuliko zinavyofanana kwenye kitabu chako. Jihadhari na kitu kimoja tu hapa: v hupenda kumezwa. Amavisti huwa amasti, audivistis huwa audistis. "Mmesikia watu wa kale walivyoambiwa", Mathayo 5:21, ni Audistis quia dictum est antiquis. Ukiiacha ile s unapata auditis, "mnasikia". Herufi moja inabeba njeo nzima.

Kuna vitenzi visivyobadilisha chochote: verto verti, solvo solvi, ascendo ascendi, bibo bibi. (Ndiyo, bibi ni "nilikunywa". Darasa likicheka hapo, liache licheke. Neno hilo hawatalisahau.) Na viko viwili vitatu vilivyoazima shina kwa jirani: sum fui, na hiyo fero tuli latum. Tuli ni ya ukoo wa tollo, "nainua". Fero haikuwa na timilifu yake, ikachukua ya tollo, kisha tollo nayo ikalazimika kujitafutia nyingine, sustuli. Usiitafutie mantiki zaidi ya hapo.

Tatizo halisi la msomaji ni maandishi yasiyo na vistari vya urefu juu ya irabu. Misale haina, nyimbo hazina, matini mengi hayana. Kwa hiyo venit yaweza kuwa "anakuja" au "alikuja". Legit, "anasoma" au "alisoma". Fugit, emit, hivyo hivyo. Waliosikia Kilatini kikizungumzwa walitofautisha kwa urefu wa irabu. Wewe unayesoma utatofautisha kwa majirani zake. Ukiona venit kati ya dixit na abiit, soma "akaja". Cecidi nayo ina pacha: yenye i fupi ni "nilianguka" (cado), yenye i ndefu ni "nilikata, niliua" (caedo). Na vici ni "nilishinda", vixi ni "niliishi".

Shina hilo hilo la timilifu, kwa taarifa yako, linakupa mengine bure: dixeram "nilikuwa nimesema", dixero "nitakuwa nimesema", dixisse "kuwa umesema". Angalia tu usichanganye dixerunt, dixerant na dixerint. Na washairi huandika dixere badala ya dixerunt, ukadhani ni kitenzi-jina. Siyo.

Sasa factus est.

Unasema est ni "ni", kwa hiyo iwe wakati uliopo. Hoja yako ina nguvu kuliko unavyofikiri, na Kiswahili kinakupa njia ya kuielewa. Sema "mlango umefungwa". Je, umesema habari ya zamani au ya sasa? Vyote viwili. Kuna mtu aliufunga, na sasa hivi ukienda utaukuta umefungwa. Hiyo ndiyo porta clausa est. Clausa ni kivumishi kitokanacho na kitenzi, "-liyofungwa", na est inasema kwamba sifa hiyo mlango unayo. Mlango wenye sifa ya kuwa umefungwa ni mlango uliofungwa kabla ya sasa. Ndipo wakati uliopita unapoingilia. Ukitaka "mlango unafungwa", mtu yuko pale anausukuma, Kilatini kinatumia neno moja: porta clauditur. Kosa la wanaoanza ni kufasiri clausa est kwa "unafungwa" kwa sababu wameiona est. Ukijizoesha kuisoma kwa -me- kwanza, hutakosea kamwe, halafu muktadha utakuambia kama ibaki -me-, iwe -li-, au iwe -ka-.

Ndiyo sababu Caesar anapofungua habari za vita vyake vya Gallia kwa Gallia est omnis divisa in partes tres, tafsiri nzuri ni "imegawanyika katika sehemu tatu". Hasimulii siku iligawanywa. Na pale Msalabani, Consummatum est, Union Version ikasema "Imekwisha".

Kwa kuwa factus ni kivumishi, hufuata jinsia na idadi: homo factus est, lux facta est, verbum factum est. Mtu aliyekulia kwenye ngeli hashangai: umefungwa, kimefungwa, zimefungwa. Tofauti ni kwamba wewe upatanisho unauweka mbele na Mrumi anauweka nyuma.

Hapa lazima nikutahadharishe na vitenzi vinavyovaa sura ya kutendwa huku maana ikiwa ya kutenda: loquor, sequor, patior, morior. Locutus est si "alisemwa", ni "alisema". Passus est, "aliteseka". Mortuus est, "amekufa", nayo inafanya kazi kama yetu kabisa: ukisema fulani amekufa, unataja tukio na hali kwa pamoja. Natus est, "amezaliwa", inapaswa kukufurahisha, maana Kiswahili nacho kinaliweka jambo hilo katika kauli ya kutendwa.

Kuna vitenzi vichache vya Kilatini ambavyo timilifu yake ni wakati uliopo kimaana. Novi ni "najua", kutoka nosco, "naanza kujua". Memini, "nakumbuka". Odi, "nachukia". Consuevi ni "nimezoea", na hapa Kiswahili na Kilatini vinatembea bega kwa bega. Waingereza na Wajerumani huvisoma vitenzi hivi kama vioja. Sisi tunaosema nimechoka, nimeshiba, nimeelewa, hatuna cha kushangaa. Matokeo yake ni kwamba noveram, ambayo kwa umbo ni "nilikuwa nimejua", inafasiriwa "nilijua" tu.

Lakini urafiki huo una mpaka, na mpaka huo uko ndani ya Credo unayoimba. Tuipitie ile sehemu ya katikati.

Descendit de caelis. Umbo hili ni "anashuka" na "alishuka" kwa pamoja, kwa kuwa descendo ni ya lile kundi lisilobadilika, na hata urefu wa irabu hausaidii. Muktadha unaamua: alishuka. Incarnatus est, homo factus est: umeshazijua. Crucifixus etiam pro nobis: est yake imeachwa, msikilizaji anaijaza mwenyewe. Passus et sepultus est: est moja inabeba maneno mawili, na humo passus ni ya patior, maana ya kutenda, ilhali sepultus ni ya sepelio, maana ya kutendwa halisi, "alizikwa". Resurrexit: kata -it, vunja x, unapata reg-, ni rego iliyovaa sub- ikawa surgo, surrexi, kisha ikavaa re-. Ascendit: mapacha tena kama descendit, na hapa ni "akapaa".

Kisha sedet ad dexteram Patris. Kwa Kiswahili tunasema "amekaa kuume kwa Baba". Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa "amekaa" kwa Kilatini ataandika sēdit, timilifu, na atakuwa amekosea: sēdit ni "aliketi", tendo la kukaa. Kwa hali ya kuwa umekaa, Kilatini kinatumia wakati uliopo wa kawaida, sedet. Ni hivyo pia kwa stat, "amesimama", iacet, "amelala chini", na dormit, "amelala usingizi". Kwa hiyo -me- yetu ya hali huenda kwenye timilifu ya Kilatini kwa novi na wenzake wachache. Kwingine inakwenda kwenye wakati uliopo. Kutoka Kilatini kuja Kiswahili huwezi kupotea sana. Kutoka Kiswahili kwenda Kilatini, simama kwanza ujiulize kama "amekaa" yako ni tendo au ni hali.

Neno linalofuata ni mtego wa mwisho: et iterum venturus est cum gloria. Kuna kivumishi, kuna est, na ukiwa umeshazoea factus est utaikimbilia "amekuja". Tazama -urus. Hicho ni kivumishi cha wakati ujao katika kauli ya kutenda, "mwenye kuja baadaye", kwa hiyo "atakuja". Factus, natus, passus, sepultus ni za lililopita. Facturus, passurus, venturus ni za lijalo. Silabi hiyo -ur- iangalie kwa makini popote uionapo kabla ya est.

Mistari michache mbele yake kuna qui locutus est per prophetas. Hiyo ifanyie kazi mwenyewe: tafuta kitenzi chake kwenye kamusi, sema kama maana ni ya kutenda au ya kutendwa, kisha linganisha na Kiswahili mnachosali Jumapili.